Kabla ya Kitufe, Programu Ndiyo Iliyouliza

Anayejifunza kuandika programu mara nyingi huanza na mchezo wa kubahatisha namba. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Programu inauliza, "Namba gani?" Unaandika 50, inajibu, "Punguza." Mchezo unafanya kazi na mwenyewe amefurahi. Halafu anamwonyesha mtu asiyejua mambo ya programu, naye anauliza, "Sasa hapa nabonyeza wapi?"

Swali hilo lina historia.

Mwaka 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walileta lugha ya BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kutumia kompyuta. Walitumia mashine za chapa zilizounganishwa na kompyuta kwa waya: unaandika, unasubiri, jibu linachapwa kwenye karatasi. Zamu kwa zamu, kama mahojiano.

Mwaka 1973, maabara ya Xerox huko Palo Alto ilitengeneza kompyuta ya Alto, yenye kipanya na skrini ya picha. Mwaka 1984 Macintosh ya Apple ikapeleka madirisha na vitufe majumbani. Watumiaji wakapata raha, lakini waandishi wa programu wakapata kazi ya ziada. Kwenye Windows za mwanzo, kuonyesha dirisha moja lenye salamu tu kulitaka makumi ya mistari ya lugha ya C. Mwanafunzi wa wiki ya 3 angeanzia wapi hapo?

Msaada ulikuja kwa njia mbili. Alan Cooper alibuni chombo cha kuchora sura ya programu kwa kipanya, akakiuza kwa Microsoft mwaka 1988. Wakakiunganisha na BASIC, na mwaka 1991 ikatoka Visual Basic: unaweka kitufe dirishani, unakibofya, unaandika kifanye nini. Njia ya pili ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako John Ousterhout alitengeneza lugha ya Tcl, kisha akaiongezea Tk, ambayo kwayo mstari mmoja unatosha kuunda kitufe. Baadaye Steen Lumholt na Guido van Rossum, muasisi wa Python, wakaiunganisha Tk na Python. Ndiyo Tkinter, ambayo mpaka leo ni sehemu ya Python. Mchezo wetu wa namba unahitaji vitu vinne tu: dirisha, kisanduku cha kuandikia, kitufe, na sehemu ya kuonyesha jibu.

Basi wengi hudhani hiyo ni kama kupaka nyumba rangi. Kumbe ni zaidi. Programu ya skrini nyeusi ndiyo inayoongoza: inauliza, wewe unajibu. Yenye dirisha inakaa kama mwenye duka aliyefungua mlango. Haijui mteja ataanza na chumvi au sukari, au ataondoka bila kununua. Uongozi umehama.

Ndiyo maana mwanafunzi akichukua mzunguko wake wote wa maswali na kuuingiza ndani ya kitufe, dirisha linaganda. Mwenye duka ameng'ang'ania mteja mmoja, wengine hawasikilizwi. Inabidi atenganishe: hesabu ya kulinganisha namba ikae peke yake, ipokee namba na kurudisha jibu, bila kujali namba imetoka wapi. Kitufe kiite hiyo hesabu, kisha kinyamaze. Akishaweza hapo, anaweza kubadili sura bila kugusa hesabu.

Na uongozi ukihamia kwa mtumiaji, lugha yake nayo inaingia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye vitufe na menyu za Kiswahili. Anayeweka kitufe chake cha kwanza leo anaweza kukiandika "Jaribu tena" tangu mwanzo, na haitamgharimu hata mstari mmoja wa ziada.