Kodi, Kiboko na Mkombozi: Zaidi ya Miaka 80 Tangu Uasi wa Lubutu na Masisi

Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia katika bunge lao mjini Nairobi kuupinga Muswada wa Fedha, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tukio hilo lilizungumzwa kama mwamko wa kizazi kipya, ilhali mwaka huohuo ulitimiza miaka 80 tangu watu wa misitu ya Lubutu, Walikale na Masisi, mashariki mwa Kongo, walipoinuka dhidi ya kodi na kazi za shuruti za Wabelgiji, kumbukumbu ambayo haikupata hata robo ya sauti ile.

Chini ya utawala wa Mfalme Leopold II kodi ililipwa kwa jasho, yaani kwa mpira, chakula na upagazi, na sheria ya mwaka 1903 iliyodai kuweka kikomo kwa kumtaka kila mtu saa 40 za kazi kwa mwezi haikuzuia maovu. Ubelgiji ilipoichukua koloni mwaka 1908 ilibadili utaratibu, na kuanzia mwaka 1910 ikaleta kodi ya kichwa, ambayo kila mwanamume mzima alipaswa kuilipa kwa faranga. Na kwa kuwa faranga hazikuota shambani, aliyezitaka alilazimika kuuza nguvu zake kwa kampuni au mazao yake kwa bei asiyoipanga yeye. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilikamilika reli ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, inayopita Kibombo, katika jimbo la Maniema lenye Lubutu pia, hivi kwamba kodi ya fedha na garimoshi viliingia katika nchi hii kama mapacha.

Osumaka Likaka, mwanahistoria Mkongo aliyetafiti kilimo cha pamba, anaonyesha kwamba Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulazimishwa kulima zao hilo, baada ya amri ya mwaka 1917 kuwapa maofisa uwezo wa kuwatoza wanavijiji hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Upinzani wa miaka hiyo, kwa maelezo yake, ulikuwa wa chinichini: watu walihama vijiji na kuingia msituni, na waliobaki waliwapa maofisa wa Kizungu majina ya kupanga, ambayo mwenye jina aliweza kuyapokea kama sifa huku wanakijiji wakijua kwamba wametoa mashtaka.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoyatoa mashtaka hayo hadharani. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Mataifa ya Muungano yalipoteza mashamba yao makubwa ya mpira, na serikali ya Kongo ikapandisha siku za shuruti kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, ikawatuma watu tena msituni kutafuta mpira wa mwitu. Kwa wazee waliowahi kuona enzi za Leopold, hizo zilikuwa siku zilezile zimerudi, tena safari hii na kodi ya faranga juu yake.

Hapo ndipo alipotokea Bushiri Lungundu, mtu wa kabila la Wakumu aliyejitangaza kuwa Mukombozi, yaani mwenye kuwakomboa watu. Alihubiri ndani ya Kitawala, dini iliyozaliwa na mafundisho ya jumuiya ya kidini ya Watch Tower yaliyoingia Kongo kupitia Rhodesia ya Kaskazini. Nayo asili ya jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya mnara, lakini katika sikio la msemaji wa Kiswahili ndani yake mna kitenzi kutawala, na kwa mkoloni kusikia raia wakijikusanya chini ya jina kama hilo kulitosha kuwa kosa. Mwezi Februari 1944 wafuasi wa Bushiri walianza kuvikataa vyote viwili, kodi na kazi, wakiamini kwamba utawala wa Wazungu umefikia mwisho wake.

Kuhusu maana ya uasi huo ndipo ugomvi ulipo hadi leo. Maofisa wa Kibelgiji waliandika habari za wazimu wa kidini, ushirikina na nabii wa uongo, na kwa kufanya hivyo wakaiondoa kodi katika kesi. Nicole Eggers, Mmarekani aliyeunganisha nyaraka za serikali na masimulizi ya Wakitawala wenyewe, anakataa kutenganisha mambo hayo: kwa watu wa Lubutu na Masisi, mamlaka yanayochukua bila kuponya wala kulisha yalikuwa ni ugonjwa, na Mukombozi alikuja kama mganga wa nchi iliyougua. Hoja hiyo ina uzito, kwani mtu anayekamuliwa mpira, siku na faranga kwa pamoja hana sababu ya kuuliza kama maumivu yake ni ya kiuchumi au ya kiroho.

Jeshi la Force Publique, askari wa koloni, lilizima uasi ndani ya wiki chache na kwa umwagaji mkubwa wa damu. Bushiri alikamatwa, na Wakitawala wengi wakapelekwa mbali na kwao, wengine katika kambi za wafungwa waliohesabiwa kuwa hatari, kama Ekafera katika Équateur na Kasaji huko Katanga.

Uhuru wa mwaka 1960 uliigeuza hoja, kwani sasa swali halikuwa kodi inavyokusanywa tu bali pia inavyotumiwa. Miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyofanywa na bunge jipya ni kupandisha mishahara ya wabunge hadi faranga 500,000, hatua ambayo Patrice Lumumba aliipinga akiona kwamba itaifilisi hazina. Hasira dhidi ya wakubwa walioneemeka peke yao iliwapa nguvu waasi wa mwaka 1964, akiwemo Gaston Soumialot, mzaliwa wa Maniema, waliodai uhuru wa pili na kuitwaa Kindu mwezi Julai. Enzi ya Mobutu ilileta Salongo, kazi ya lazima iliyopewa jina la uzalendo. Mwaka 2020 ikaja tozo ya RAM, iliyokatwa katika salio la simu hadi dola 7 kwa mwaka, ikapigiwa kelele na raia na wabunge, na kufutwa mwezi Machi 2022.

Vitabu vya Likaka na Eggers vimechapishwa Marekani, tena kwa Kiingereza, na ni aibu kwamba mjukuu wa mkulima wa pamba wa Maniema hawezi kuisoma habari ya babu yake kwa lugha yake mwenyewe. Kati ya mapacha wawili wa mwaka 1910, garimoshi hupita Kibombo kwa nadra, na mtozaji hajawahi kuchelewa.