Utambuzi wa deliriamu baada ya upasuaji wa moyo

Deliriamu baada ya upasuaji wa moyo ni hali ya kuchanganyikiwa kwa ghafla inayompata mgonjwa, mara nyingi katika siku chache za mwanzo. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoithibitisha. Hutambuliwa kando ya kitanda, kwa kumpima mgonjwa tena na tena, maana dalili zake huja na kupotea.

Sura zake

Mwenye deliriamu ya vurugu huonekana mara moja: huweweseka, hung'oa mipira, hutaka kushuka kitandani. Mwenye deliriamu ya ukimya hulala tu na kujibu polepole. Huyu ndiye anayepitwa kwa urahisi, akidhaniwa amechoka au dawa za usingizi hazijamwisha mwilini. Wengine huwa na sura zote mbili kwa zamu.

Upimaji

Mwaka 1990 Sharon Inouye wa Marekani na wenzake walichapisha njia iitwayo CAM. Mwaka 2001 Wesley Ely na wenzake walitoa CAM-ICU, inayowafaa wagonjwa mahututi, hata wasioweza kusema kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Kwanza hupimwa kiwango cha kuamka kwa kipimo cha RASS. Aliye kwenye -4 au -5 husubiriwa azinduke. Kisha muuguzi humpa mkono na kumwomba aubane kila asikiapo herufi A katika herufi 10 anazomsomea. Makosa yakizidi 2, umakini umepungua. Fikra hupimwa kwa maswali ya ndiyo au hapana, mfano: je, jiwe huelea majini?

Deliriamu huthibitishwa yakiwapo mabadiliko ya ghafla au yanayopanda na kushuka, pamoja na upungufu wa umakini, na kimojawapo kati ya fikra zilizovurugika na kiwango cha kuamka kisicho cha kawaida.

Utofautishaji na chanzo

Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja taratibu. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili huelekeza kwenye kiharusi, na hapo picha ya ubongo huhitajika haraka. Ndugu wa mgonjwa ni mashahidi wa thamani, kwa kuwa wanajua alivyokuwa kabla.

Deliriamu ikithibitishwa, chanzo kitafutwe: upungufu wa oksijeni, maambukizi, maumivu, sodiamu au sukari isiyo sawa, dawa za jamii ya benzodiazepini, au kuachishwa pombe ghafla. Deliriamu huendana na kukaa hospitali muda mrefu, kupungua kwa kumbukumbu na vifo. Kwa hiyo kila mgonjwa anastahili kupimwa kila zamu, hata aliyetulia.