Kitabu cha Kwanza cha Picha cha Familia Yetu Kilikuwa cha Mazishi

Wasee, wacha nianze na aibu yangu.

Guka alipoaga, kamati ya mazishi ilinipa kazi moja tu: kutafuta picha za kuweka kwenye programu. "Si wewe ndiye mtu wa kamera?" wakasema. Nikadhani ni kazi ya nusu saa, maana simu yangu ina maelfu ya picha. Kumbe za guka zilikuwa nne, na kwa tatu kati ya hizo alikuwa ameonekana kwa bahati nyuma ya mtu mwingine aliyekuwa anajipiga selfi.

Shosho akatoa albamu kabatini, ile ya kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu. Ndani kulikuwa na picha ya harusi yao. Nikaivuta nikaiskani. Nusu moja ikatoka. Nusu ya pili, yenye uso wa guka, ikabaki imeshikwa na gundi. Shosho hakunigombeza. Alichukua ile nusu iliyotoka, akaifunga kwenye leso, akaenda kulala.

Programu ilichapishwa usiku huo tao. Kurasa nane, pini mbili katikati, na picha ya jalada iliyotoka WhatsApp ikiwa na ukungu kama ya mtu aliyepigwa akiwa kwa moshi. Watu walibeba, wakakunja, wengine wakakalia. Na ndipo nikagundua kitu: hicho ndicho kitabu cha kwanza cha picha ambacho familia yetu imewahi kuchapisha. Angalia kwenu pia. Familia nyingi hapa Kenya huchapisha kitabu cha picha za mtu mara moja tu, na mwenyewe hakioni.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya hivi vitabu, kwa sababu nilitaka kujua kosa langu lilianzia wapi. Nilichopata ni kwamba swali la "nichapishe kwa njia gani" ni la zamani kama picha yenyewe.

Mwaka wa 1839 Mfaransa Louis Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha, kila picha ilikuwa kipande kimoja cha shaba kilichopakwa fedha. Hakuna negativu, hakuna kopi. Ukiipoteza, imeisha. Kule Uingereza, William Henry Fox Talbot alikuwa na njia tofauti: negativu ya karatasi ambayo ungeweza kutoa kopi nyingi. Hapo ndipo wazo la kitabu cha picha lilipowezekana.

Vitabu viwili vya kwanza vinavyojulikana vilitoka karibu pamoja. Anna Atkins alianza kutoa chake kuhusu mimea ya baharini mwaka wa 1843. Hakutumia hata kamera. Aliweka mmea juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, akaianika juani, ikageuka samawati isipokuwa pale mmea ulipolala. Talbot naye akaanza kutoa The Pencil of Nature mwaka wa 1844, kwa awamu, kikiwa na picha 24 zilizobandikwa kwa mkono.

Sasa sikia hii. Picha nyingi za Talbot zilififia. Samawati ya Atkins bado inaonekana vizuri hadi leo. Watu wawili, nchi moja, miaka ileile, tofauti ni kemia. Yaani tangu siku ya kwanza, njia uliyochagua ndiyo iliyoamua kama wajukuu wataona kitu.

Albamu ya nyumbani ilikuja baadaye kidogo. Mwaka wa 1854, huko Paris, André Disdéri alisajili njia ya kupiga picha kadhaa ndogo kwenye kioo kimoja, kila moja ikibandikwa kwenye kadi ya ukubwa unaotosha kiganjani. Bei ikashuka, watu wakaanza kubadilishana kadi, na kufikia miaka ya 1860 kulikuwa na albamu zenye nafasi za kuzichomeka. Hakukuwa na gundi. Ulichomeka, ukachomoa. Wazee wa 1860 walikuwa wametushinda hapo.

Halafu George Eastman akaleta Kodak mwaka wa 1888. Unanunua kamera ikiwa na filamu ya picha 100 ndani, ukimaliza unarudisha kamera nzima kiwandani Rochester, nao wanasafisha na kukurudishia. Mwaka wa 1900 ikaja Brownie kwa dola moja. Kuanzia hapo mtu wa kawaida alipiga mwenyewe, lakini aliacha kujua picha yake inatengenezwaje. Hiyo tabia tumeirithi. Tunabonyeza, mengine ni ya kampuni.

Huku kwetu hadithi ilikuwa na ladha yake. Pwani ilikuwa na studio mapema, nyingi za familia zilizotoka Goa na India. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh aliwapiga watu wa mji waliovaa wakapendeza, taa zimepangwa kama za sinema. Lamu, Omar Said Bakor alikata picha na kuziunganisha na mapambo hadi mteja akatoka kwenye dunia yake ya ndoto. Hiyo ilikuwa filta kabla ya filta. Nairobi nayo, wazazi wetu wengi wana ile picha ya Uhuru Park au mbele ya KICC, iliyopigwa na mtu aliyekuja kuifuata na risiti.

Geuza moja ya hizo picha uangalie nyuma. Mara nyingi utapata muhuri wa studio. Jina la aliyepiga lipo. Jina la aliyepigwa halipo. Kila mtu alidhani atakumbukwa.

Tatizo likaingia na rangi na ile albamu ya gundi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka wekundu, kwa sababu rangi moja ndani yake hufa kabla ya zingine, hata ukiziweka gizani. Na albamu za gundi ziliuzwa kama kitu rahisi: bandika, funika, maliza. Lakini gundi inakauka, inageuka njano, inashika picha kama saruji. Kosa langu la ile usiku lilikuwa limeandaliwa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Enzi yetu ilianza mwaka wa 1993, kampuni ya Indigo ilipoonyesha mashine ya kuchapisha rangi kidijitali. Kabla ya hapo, kuchapisha kitabu kulihitaji kutengeneza bamba za chuma, kwa hivyo nakala moja ilikuwa ghali kiwendawazimu. Ilibidi uchapishe mamia. Mashine ya kidijitali haina bamba. Nakala moja inawezekana. Mwaka wa 2002 Apple ikaweka kwenye iPhoto uwezo wa kuagiza kitabu cha picha zako, na wengine wakafuata. Lakini mwaka wa 2018 Apple iliacha kuchapisha. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka wa 2012. Google Photos nayo iliacha kutupa nafasi ya bure isiyo na kikomo Juni 2021. Kampuni huja na kuenda, kwa hivyo usiache kazi yako ndani ya programu ya mtu. Hakikisha una faili kamili ya PDF na picha asili, mahali pawili.

Basi, baada ya historia yote hiyo, mimi ningechagua vipi? Huu ni msimamo wangu.

Kama ni kitabu kimoja cha maana sana, kwa mfano cha shosho au cha harusi, chagua albamu ambayo kila ukurasa ni karatasi halisi ya picha, iliyosafishwa kwa dawa na kubandikwa kwenye kadi ngumu. Inafunguka ikalala bapa, picha haimezwi na mshono. Ni nzito na ni ghali, lakini imetengenezwa ikae.

Kama unataka nakala kadhaa za kugawia shangazi na mabinamu, mashine ya kidijitali inatosha. Maduka ya uchapishaji ya River Road na mitaa ya karibu yana watu wanaojua kazi. Usiulize bei kwanza. Uliza karatasi ni ya gramu ngapi, na uliza kitabu kinafungwa kwa pini, gundi ama uzi. Pini inafaa kurasa chache. Gundi pekee kwa kitabu kinene itaachia kurasa kikifunguliwa kila Krismasi. Uzi ndio mwalimu. Kisha lipia ukurasa mmoja wa majaribio, uubebe nje, uutazame juani. Nyuso zetu nyeusi mara nyingi hutoka giza kuliko kwenye skrini, kwa hivyo ongeza mwanga kabla ya kuchapisha.

Kampuni za ng'ambo zina violezo vizuri, lakini hesabu nauli na ushuru, na ujue kitabu kikija na kosa hakuna mtu wa kuenda kumwona dukani.

Na kuhusu picha za WhatsApp: ukitumiwa kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa, mara nyingi hadi pikseli kama 1600 upande mrefu. Chapa nzuri inataka pikseli 300 kwa kila inchi. Gawanya mwenyewe: hiyo ni inchi tano na kitu. Inatosha robo ya ukurasa wa A4, haitoshi jalada. Mwambie mtu akutumie kama dokumenti. Ningejua hilo, guka hangekuwa na ukungu.

Albamu ya gundi je? Usivute. Inua plastiki polepole, piga picha ya ukurasa mzima ukiwa kando ya dirisha bila flashi, uiache hapo ilipo. Kama plastiki yenyewe imeshika, iache pia, upige kupitia juu.

Mimi nimeshatengeneza cha shosho. Kurasa 32, kimeshonwa kwa uzi. Ile nusu ya picha ya harusi iko ukurasa wa kwanza vilevile ilivyo, na karibu yake ile nusu nyingine, niliyoipiga ikiwa bado kwenye gundi. Sikuziunganisha kwa kompyuta. Niliona tukubali kwamba iliraruka.

Nilipompelekea, alikifungua kutoka nyuma. Akafika kwa picha ya wasichana wanne wamesimama mbele ya pazia la studio. Nikamuuliza, "Shosho, hawa ni akina nani?" Akataja majina yote manne, moja baada ya lingine, na nani aliolewa wapi. Mamangu alikuwa hapo. Hata yeye alikuwa hajui.

Nikachukua kalamu, nikaandika hapohapo chini ya picha. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini majina yapo.

Kwenu ni nani anajua majina? Muulize wikendi hii. Printa watakuwepo wiki ijayo.