Umeme wa Hapa, Umeme wa Huko

Kosa lilikuwa la herufi moja. Niliandika kwamba programu "husaidia kupooza seva", na injinia aliyenipa kazi ya kutafsiri mwongozo ule akanipigia simu akicheka hadi akakohoa. Yeye ni Mnyarwanda. Kiswahili alikiokota utotoni katika mtaa wa Nyamirambo, akaja kukinoa alipokuwa akisoma Dar es Salaam, na siku nyingine sikio lake hulishinda langu. "Mwalimu," akaniambia, "kupooza ni kazi ya umeme ukikatika. Hii programu inapoza."

Seva iliyopoa inafanya kazi. Iliyopooza imekwisha. Kati ya kupoza na kupooza pana o moja tu.

Mwongozo wenyewe ulihusu programu za akili mnemba zinazosimamia mambo matatu kwa pamoja katika kituo cha data: umeme unaozalishwa papo hapo, akiba ya umeme huo, na upoaji wa mashine. Ulikuwa wa kufundishia mafundi hapa Kigali, na uliletwa kwangu kwa sababu Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, wala si mafundi wote waliotarajiwa darasani walikuwa Wanyarwanda. Nilidhani nitaumaliza kwa wiki moja. Neno *kupoza* peke yake lilinila siku mbili.

Tatizo lilianzia Tanzania. Kule, mahali ambapo umeme wa njia kubwa hushushwa kutoka kilovolti 220 hadi 33 huitwa kituo cha kupoza umeme. Wengine huandika kupooza, kwa hiyo sikuwa mkosaji wa kwanza. Sijui jina zuri kuliko hilo. Aliyelitunga aliutazama umeme wa gridi kama uji uliotoka jikoni: haunyweki mpaka mtu aupulizie. Lakini ukurasa wa nne wa mwongozo ulikuwa na transfoma upande wa kushoto na mtambo wa maji baridi upande wa kulia, na kwa Kiswahili cha Tanzania vyote viwili vilikuwa vinapoza. Fundi mgeni angesoma "angalia kipozeo" akaenda kushika kile kinachoua.

Nikaamua, kwa uchungu kidogo, kwamba umeme tutaushusha msongo, na kupoza kutabaki kwa joto peke yake. Mtanzania atakayenilaumu ana haki. Ila neno hilo lina mzigo mwingine hapa mjini. Oktoba 15, 2016, nchi zilizo katika Itifaki ya Montreal zilikubaliana hapa Kigali kupunguza hatua kwa hatua gesi za HFC, zile zinazozunguka ndani ya majokofu na viyoyozi. Haziutoboi utando wa ozoni kama zile zilizozitangulia, lakini zikivuja hupasha dunia joto mara nyingi kuliko hewa ya ukaa. Makubaliano yakaanza kutumika Januari 1, 2019, na tangu hapo wataalamu wa majokofu duniani wanalitaja jina la mji wetu kila wanapozungumzia gesi gani iruhusiwe. Katika mji uliopewa heshima hiyo, sikutaka neno la kupoza ligawanywe na transfoma.

Kuhusu umeme wenyewe, injinia alinipa somo asilolikusudia. Kinyarwanda kina neno la kitabuni, amashanyarazi, lakini nyumbani watu husema umuriro, yaani moto. Umeme ukikatika, moto umeondoka. Simu ikizimika, haina moto. Kiswahili kilichukua radi: umeme ni ule mmweko wa mawinguni kabla haujawa bili ya kila mwezi. Wakenya wakachukua mvuke na kuuita stima. Majirani watatu, na kila mmoja amelishika jambo hilohilo kwa upande wake. Kwa kituo cha data, naona Wanyarwanda ndio waliopatia. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka ukiwa joto. Hesabu zinafanyika, picha zinatumwa, pesa zinahamia simu ya mtu aliye mji wa Huye, na mwishowe kinachobaki chumbani ni moto unaotafuta njia ya kutoka. Kwa umuriro hakuna cha kueleza. Kwa umeme nililazimika kuongeza sentensi nzima.

Lakini Kiswahili kilinilipa mahali pengine. Mwongozo ulirudia kila ukurasa neno la Kiingereza la umeme unaozalishwa pale unapotumiwa, kwa paneli za paani au jenereta za uani, ili kuutofautisha na ule wa gridi. Nilijaribu "umeme wa eneo la kituo". Umekufa. Nilijaribu "umeme wa ndani", nao ukaleta picha ya nyaya za ukutani. Kisha nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Mswahili anakijua bila kukijua: tuna mahali pa aina tatu. *Pa* ni pale panapoonyesheka kwa kidole. *Ku* ni huko, upande fulani, pasipo na mpaka. *Mu* ni ndani ya kitu. Kinyarwanda kinazo pia, kwa hiyo darasa lote lingeelewa.

Basi nikaandika: umeme wa hapa, umeme wa huko, joto la humu.

Umeme wa huko hutoka mbali. Hutoka kwenye maporomoko ya Rusumo, ambako mitambo ya megawati 80 inagawiwa Rwanda, Burundi na Tanzania. Hutoka Ziwa Kivu, ambako mradi wa KivuWatt wa megawati 26 huvuta methani kutoka kwenye maji ya vilindini. Hutoka Ntaruka, mtambo wa 1959, ambao ukame wa mwaka 2004 uliufanya ushindwe kutoa cha maana na mji ukaingia gizani kwa zamu. Waliokuwapo wanajua uzito wa neno *huko*: ni mahali ambapo mkono wako haufiki. Umeme wa hapa unaufikia, ila ni mdogo, na jua la Kigali likifunikwa na wingu la saa tisa alasiri ya Aprili linaondoka bila kuaga. Joto la humu halijali umeme umetoka wapi.

Injinia alisoma mstari huo akanyamaza. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo programu yote." Kwa kweli ndiyo. Kila dakika inauliza nini kiletwe kutoka huko, nini kichukuliwe hapa, na joto la humu livumiliwe kiasi gani.

Palipobaki pagumu ni kwenye kuhifadhi. Kituo cha data huhifadhi data. Betri nazo huhifadhi umeme, au ndivyo nilivyoandika mwanzoni, hadi sentensi moja ikawa na *hifadhi* nne, na hakuna aliyejua ipi imejaa na ipi inakwisha. Nikarudi kwenye maana. Tunahifadhi kile ambacho hakitakiwi kupungua: kumbukumbu, Kurani kifuani, wanyama wa mbuga ya Akagera. Kile tunachokiweka ili tuje kukitumia ni akiba. Data huhifadhiwa, umeme huwekwa akiba. Injinia akanikumbusha kwamba Kinyarwanda kina ikigega, ghala la mtama ambalo leo pia ni mfuko wa fedha, na wote wawili tukafurahi kuona lugha mbili zikikutana kwenye chakula. Betri ndogo za tochi huitwa amabuye, mawe. Hilo tuliliacha.

Akiba yenyewe ina vipimo viwili, na wanafunzi huvichanganya: nguvu ni kasi ya kutoka, nishati ni jumla iliyomo. Sikuhitaji istilahi mpya, nilihitaji mtungi. Upana wa shingo ni nguvu, ukubwa wa tumbo ni nishati. Betri za dharura zina shingo pana na tumbo dogo: zinaitikia papo hapo umeme unapokatika, zikiushikilia mzigo wakati jenereta ikiamka na kunguruma kwa mazutu yake.

Tena kuna akiba ambayo haimo kwenye betri. Programu ikiona kwamba saa moja jioni watu watawasha majiko na taa, na gridi italemewa, inaweza kuanza saa kumi kuyapoza maji ya tangini zaidi ya kawaida, kisha jioni ikapunguza mitambo na kutumia ubaridi uliokwisha kutengenezwa. Nikaiita akiba ya baridi. Mwalimu wa fizikia atanisuta, maana baridi si kitu, ni upungufu wa joto tu. Bibi yangu aliyetia maji mtungini usiku ili ayanywe adhuhuri hangenisuta.

Sasa neno *kuratibu*. Hapa ubishi wetu ulikuwa mkali. Yeye alitaka "kuendesha". Mimi nikasema programu inaratibu. Mfano tuliougombania ni ule wa Google: mwaka 2016 kampuni yake ya DeepMind ilitangaza kwamba mfumo wake ulipunguza hadi asilimia 40 ya umeme uliokuwa ukitumika kupozea. Mwanzoni ulikuwa unashauri, mtu anasoma, mtu anabonyeza. Mwaka 2018 walieleza kwamba sasa unatoa amri wenyewe kwa mitambo, huku wahudumu wakibaki na uwezo wa kuuondoa kwenye usukani wakati wowote. Kwa Kiingereza chao ni mfumo uleule ulioboreshwa. Kwa Kiswahili umebadilika kitenzi. Wa kwanza uliratibu, wa pili unaendesha, na siku chumba kikipata joto la kuunguza, mtu wa kuulizwa si yuleyule. Tukaweka maneno yote mawili, kila moja kwenye sura yake. Hapo sikukubali kulegea.

Akili ya mashine tuliipita haraka. Kuna akili bandia, kuna akili unde, kuna akili mnemba. Kinyarwanda kinasema ubwenge buhangano, akili iliyobuniwa. Kila gazeti lina lake, na mafundi watatumia lile watakalolisikia redioni.

Kwenye jedwali letu la istilahi ilibaki safu moja bila neno la kuridhisha. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Saa hizo programu inaweza kuzima mitambo mikubwa na kuingiza hewa ya nje, ikichujwa vumbi kwanza. Ni fursa ambayo Mombasa haina. Nilikuwa nimeandika "upozaji kwa hewa ya nje", sahihi kabisa, na hakuna atakayeukumbuka. Nikamuuliza injinia wao husemaje wakiwa zamu.

"Tunasema inahema," akajibu. Nikamwambia kuhema ni kutweta, ni mtu aliyepanda mlima wa Jali mbio. Akafikiri kidogo. "Basi inapumua. Mchana inahema, usiku inapumua."

Kwenye safu niliacha upozaji kwa hewa ya nje, kwa wino. Pembeni, kwa penseli, niliandika kupumua.