Ngoma Zetu Zilivyorudi

Wengi wakisikia ngoma Misani leo hudhani zilikuwepo tangu mwanzo. La. Wazee wetu waliimba Kilatini wakifuata kinanda, na ngoma ilikuwa kitu cha kuachwa nje ya mlango wa kanisa. Huko Kongo, mwaka 1958, Padre Guido Haazen na kwaya yake ya Kamina walikuwa tayari wakiimba Missa Luba kwa ngoma. Kisha tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Liturujia iliyofungulia mlango vyombo vya muziki vya mataifa yote.

Ngoma zetu tatu zilichongwa baadaye. Kilipokuja kinanda cha umeme (kinachonyamaza stima ikipotea!), zikasukumwa stoo. Tulipozitafuta kwa ajili ya yubilei hii tulipata mbili, ngozi zimepasuka, vumbi la fukusi limejaa ndani.

Baadhi yetu walitaka tununue mpya. Tulikataa. Mbao hizo zilipigwa na waliotufundisha kuimba, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Tulizikwangua, tukazipaka mafuta. Ngozi ya ng'ombe tuliiloweka usiku kucha, tukaiwamba ingali mbichi, tukaikaza kwa vigingi na kuikausha kivulini, maana jua kali huipasua.

Kubwa imerudi na sauti yake nzito. Ndogo bado ni kavu kidogo, hata tukiipasha motoni. Zote mbili zitaongoza maandamano ya matoleo leo. Ya tatu tungali tunaitafuta. Ukiiona mahali imegeuzwa kiti, tafadhali mwone katibu.