Waliyasoma Maji Kabla ya Stanley, Lakini Majina Yao Hayajulikani

Kuna picha za Kongo zinazunguka sana mitandaoni. Magogo marefu yamesimama katikati ya maji yanayotoa povu kama sufuria ya uji, yamefungwa kwa kamba za mimea, na juu yake jamaa wanatembea kifua wazi kama wako sebuleni kwao. Chini inaning'inia migono mikubwa ya kusukwa, mdomo mpana, mkia mwembamba. Wengi wanatupia kopa na kupita. Hawajui kama hapo kuna historia nzito.

Mahali penyewe ni Kisangani, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kinapigwa kila kona. Hapo ndipo Mto Kongo unapomalizia maporomoko ya Boyoma, yako 7, yamepangana kwa karibu kilomita 100 kuanzia Ubundu. Meli haipiti. Utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulinyoosha mikono, ukaamua kuzunguka kwa reli, ambayo ilikamilika mwaka 1906. Sasa pale wakubwa walipopakwepa, ndipo Waenya, ambao wengi wanawaita Wagenia, walipofungua ofisi.

Kwa nini wavue kwenye vurugu yote hiyo na sio kwenye maji yaliyotulia? Jibu ni kwamba walikuwa wanayasoma maji kama wewe unavyosoma sura ya mtu kabla hajaongea.

Iko hivi. Samaki naye hapendi kuchoka bure. Nyuma ya jiwe kubwa maji hupoa, na samaki hujibanza hapo kusubiri msosi unaoletwa na mkondo. Pale mikondo miwili inapokutana unaona mstari wa povu, na povu linapopita chakula nacho kinapita. Halafu kuna pale mawe mawili yanapoyabana maji. Yanashuka kwa kasi, juu laini kama ulimi, chini ni balaa. Samaki akiingia humo hana breki.

Hapo ndipo mgono unapokaa. Mdomo unaelekezwa mto unakotoka, na maji yenyewe ndiyo yanafanya kazi. Yanamsukuma samaki hadi kwenye mkia mwembamba, hawezi kugeuka wala kurudi. Hakuna chambo wala ndoano.

Magogo nayo hayasimamishwi kiholela. Kwenye miamba ya pale kuna matundu, na humo ndimo magogo yanapochomekwa wakati maji yamepungua. Mto ukijaa, mkondo unabadilika, na sehemu iliyokuwa nzuri jana leo inaweza kuwa kaburi. Ukikosea hesabu, gogo linaondoka, mgono unaondoka, na wewe unaondoka. Ndiyo maana elimu hii haikuandikwa popote. Mtoto aliipata juu ya magogo, nyuma ya baba yake.

Januari 1877 akapita Henry Morton Stanley, akishuka na mto huku akipigana na wenyeji njiani. Kwenye poromoko la saba akaiona mitego hiyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878 aliandika kwamba kila upande wa mto huenda ilikuwepo migono 60 au 70 kila siku. Watu wake wakaivuta kama sita hivi kuikagua, wakatoka na samaki wakubwa 28.

Hebu tulia hapo kidogo. Samaki 28 ndani ya mitego sita, na mwenye mitego hatajwi. Hata hao walioivuta hatuwajui kwa majina, ingawa wengi katika msafara ule walikuwa Waungwana kutoka Zanzibar, watu wa Kiswahili kabisa. Jina lililobaki ni moja tu. Maporomoko yakaitwa ya Stanley, na mji uliokua pale ukaitwa Stanleyville.

Yaani mtu kapita tu kapewa mto. Waliojua kila jiwe la mto huo, wakalisha familia zao kwa kuangalia povu tu, wakabaki kuwa "wenyeji".

Mwaka 1966 mji ukawa Kisangani, na maporomoko nayo siku hizi ni Boyoma. Jina la mgeni limeondoka, lakini magogo bado yanasimamishwa vilevile, na vijana bado wanayapanda huku maji yakinguruma chini yao. Wale wa kwanza hawakuacha sanamu wala kitabu. Waliacha sehemu ya kuweka mgono, na mtoto anayejua kwa nini uwekwe hapo na sio pembeni yake.

Je, kwenu kuna mzee anayeyasoma maji, ya mto, ziwa au bahari? Ana jina gani, na kuna mtu ameshamuuliza anayasomaje? Shusha komenti yako hapo chini, angalau huyu mmoja asisahaulike.