Farasi wa Askari na Deni la Serikali



Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Juma hili tuipime methali hiyo kwa kisa cha farasi wa askari katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, iliyopiganwa mwaka 1861 hadi 1865.

Katika jeshi la Kaskazini, farasi kwa kawaida walikuwa mali ya serikali. Katika jeshi la Kusini, lililopigania majimbo yaliyotetea utumwa, askari wa kikosi cha farasi alikuja vitani na mnyama wake mwenyewe. Mnyama huyo alithaminiwa, bei yake ikaandikwa, na serikali ya Kusini ikamlipa mwenye farasi senti 40 kwa siku. Farasi akiuawa katika mapigano, mwenyewe alifidiwa bei ile iliyoandikwa. Akifa kwa maradhi au uchovu, hasara ilikuwa ya askari. Tena, fedha ya Kusini ilizidi kuporomoka, hata fidia ya bei ya zamani isitoshe kununua farasi mwingine.

Tarehe 9 Aprili 1865, Jenerali Robert E. Lee alijisalimisha kwa Jenerali Ulysses S. Grant huko Appomattox Court House, Virginia. Masharti yaliyoandikwa yaliwaachia maofisa peke yao farasi wao. Lee alieleza kwamba hata askari wa kawaida walimiliki wanyama wao. Grant, akijua kwamba wengi walikuwa wakulima wadogo na kwamba majira ya kupanda yamewadia, aliagiza kila asemaye kuwa farasi au nyumbu ni wake aende naye nyumbani.

Hata hivyo, wako askari wa Kusini walionyang'anywa farasi na majeshi ya Kaskazini kinyume cha masharti ya kujisalimisha. Sheria ya kuwalipa ilitoka tarehe 27 Februari 1902, yaani miaka 37 baadaye. Vijana wa vita ile walikuwa wamekwisha kuwa wazee.

Je, serikali ilifanya vema kuwalipa waliokuwa adui zake? Naam, kwa kuwa neno lililotolewa kwa adui nalo ni neno. Lakini tusiishie hapo. Januari ya mwaka uleule wa 1865, Jenerali William T. Sherman alikuwa ametenga ardhi ya pwani ya Kusini kwa ajili ya familia zilizotoka utumwani, kila moja isizidi ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamuru sehemu kubwa ya ardhi hiyo irudishwe kwa wamiliki wa awali. Wengi wa waliokwisha kuilima wakaondolewa.

Dawa ya deni ni kulipa, ndugu msomaji. Basi tunapoisifu serikali kwa kulipa deni la farasi, tuulize pia ni madai ya nani yaliyosikilizwa, na ya nani yaliyoachwa.